Nafuu Bila Kupona: Jema Linalopatikana Ndani ya Ugonjwa Usioisha

Mama mdogo akipiga simu kutoka Tanga, baada ya shikamoo na marahaba, swali lake ni lile lile: "Haya, na hali?" Kama usiku huo sikulala kwa maumivu ya mifupa lakini asubuhi nimeweza kukaa na kunywa uji, namjibu, "Sijambo kidogo." Akikata simu anawaambia walio naye, "Hajambo kidogo," nao wanaelewa. Sijapona, ila leo si kama jana.

Nimeishi na selimundu, au siko seli kama wengi wanavyouita ugonjwa huu, kwa miaka 36. Katika miaka hiyo nimepewa ushauri mwingi kuhusu kuona upande mzuri wa maisha, na sehemu kubwa ya ushauri huo ilinizidishia uchovu. Maneno ya mama mdogo hayajawahi kunichosha. Kati ya ugonjwa na uzima Kiswahili kimeweka nafasi na kuipa majina mengi: nafuu, ahueni, kupata unafuu, kuwa hajambo kidogo. Nafuu imetoka kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya faida, ndiyo maana hata sokoni tunasema bei nafuu. Mtu anayeuliza kama kuna jema lolote katika kuishi na ugonjwa usioisha anauliza habari za nafuu. Shida ni kwamba mara nyingi hujibiwa kana kwamba ameuliza habari za kupona, au kana kwamba ametaka aambiwe ugonjwa wenyewe ni baraka.

Hayo ni mambo tofauti, na nitayatenganisha kwa kutumia ugonjwa ninaoujua mimi.

Selimundu ni ugonjwa wa damu wa kurithi. Chembe nyekundu ya damu ya kawaida ni ya mviringo na laini. Hujikunja ikapita kwenye mishipa myembamba kuliko unywele, na huishi siku 120 hivi. Ya kwetu ikishaachia oksijeni, himoglobini iliyo ndani yake, yaani protini inayobeba oksijeni, hushikamana ikawa kama vijiti, na chembe nzima ikapinda mithili ya mundu wa kuvunia mpunga. Inakuwa ngumu, inanasa njiani, inaziba. Inaishi siku 10 hadi 20 tu. Kwa hiyo damu yetu iko pungufu siku zote, na pale sehemu ya mwili inapokosa damu ya kutosha huja maumivu ambayo sijapata kuyafananisha na kitu. Wengi wetu tunasema tu, "nimeshikwa." Unaweza kushikwa mguu, mgongo, kifua, au vyote kwa pamoja. Ugonjwa hauishii kwenye maumivu pia: unaweza kuleta kiharusi kwa mtoto mdogo, kuharibu bandama, kula nyonga, kuacha kidonda mguuni kisichofunga.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa zaidi wa selimundu duniani, pamoja na Nigeria, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na India. Hukadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa nayo hapa nchini kila mwaka. Mtoto huipata pale baba na mama wote wawili wanapompa nakala ya kinasaba, yaani jeni, chenye hitilafu. Wazazi wenye nakala moja moja, ambao wenyewe si wagonjwa na mara nyingi hawajui kama wanayo, katika kila ujauzito wana uwezekano wa moja kati ya nne wa kupata mtoto mgonjwa.

Kinasaba hiki kina faida, na hapa ndipo fundo la kwanza linapofunguka. Mwaka 1954 Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alichapisha matokeo ya kazi aliyoifanya Afrika Mashariki akionyesha kwamba mtu mwenye nakala moja tu ya kinasaba cha selimundu ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu ya kinasaba hiki kuwa kingi pale malaria ilipokuwa nyingi: pwani, kandokando ya Ziwa Viktoria, magharibi ya Afrika, India. Kwa karne nyingi kimekuwa kikiokoa watoto.

Ila watoto hao si sisi. Anayekingwa ni mwenye nakala moja. Mwenye nakala mbili, yaani mgonjwa, malaria kwake ni hatari kubwa kuliko kwa mtu mwingine, na ndiyo maana tunahimizwa kulala kwenye chandarua na kutumia dawa za kinga. Niliposoma hayo nikiwa chuo nilifunga daftari nikakaa kimya muda mrefu. Jema la kweli la kibaiolojia lilikuwepo, limethibitishwa, na halikuwa langu. Huenda limemlinda baba yangu, huenda limemlinda mama yangu. Kwangu lilifika limegeuka maumivu.

Tangu siku hiyo niliacha kutafuta faida ya ugonjwa. Mtu akiniambia, kwa nia njema kabisa, kwamba selimundu ni zawadi niliyopewa ili niwe imara, namshukuru kwa upendo wake lakini sikubaliani naye. Chembe zinazoziba mishipa hazina jema. Jema lipo katika maisha yanayoendelea pamoja nazo, na hilo ni swali jingine kabisa.

Juu ya swali hilo watafiti wamefanya kazi ya kutosha. Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani uliowahusisha wagonjwa 49 wa figo wanaosafishwa damu kwa mashine na watu wazima 49 wanaolingana nao. Kila mmoja alitembea na kifaa kidogo kwa wiki nzima. Kifaa kikilia, anajaza anavyojisikia dakika ile ile. Watu wenye afya walipoulizwa wakadirie maisha ya mtu wa mashine, walidhani atakuwa na huzuni muda mwingi. Kumbukumbu za kifaa zilionyesha vingine: hali ya moyo ya wagonjwa haikutofautiana na ya wenzao wazima kwa kiasi cha kuonekana. Miaka michache kabla, mwaka 1999, watafiti Gary Albrecht na Patrick Devlieger walikuwa wamezungumza na watu wenye ulemavu mkubwa na wa kati, na zaidi ya nusu yao wakasema maisha yao ni mazuri au mazuri sana.

Mtu akisikia hivyo hukimbilia kudhani kwamba wagonjwa wanajidanganya. Sidhani. Mtu mzima akifikiria maisha ya mgonjwa anaona ugonjwa peke yake, kwa sababu ndicho kitu pekee alichoulizwa. Hafikirii chai ya saa nne, wala jirani mcheshi, wala mechi ya Jumamosi. Mgonjwa anaishi na vyote hivyo, na ugonjwa ukiwemo. Pia kipimo hubadilika. Kwangu mimi kupanda ngazi za ghorofa ya tatu bila kusimama ni tukio la kusimulia nyumbani. Anayepanda ngazi hizo kila siku hajui kwamba ana kitu.

Zipo pia tofauti kati yetu. Mimi nilizaliwa hivi, sina "kabla". Mtu aliyepata kisukari au ugonjwa wa figo akiwa na miaka 45 alikuwa na maisha yaliyokuwa yakienda mahali fulani, yakakatika. Mwanasosholojia Michael Bury, aliyewahoji wagonjwa wa baridi yabisi Uingereza, aliandika mwaka 1982 jinsi ugonjwa sugu unavyovunja simulizi ambayo mtu alikuwa akijisimulia kuhusu maisha yake. Mtu wa namna hiyo ana msiba wa kuomboleza kwanza, na asiharakishwe. Nimewaona ndugu wakimtaka mgonjwa wa miezi mitatu awe ameshazoea. Aliyefiwa tunampa hadi arobaini na zaidi. Huyu amefiwa na mguu wake wa zamani, kazi yake, sahani yake ya wali, naye anastahili matanga yake.

Wale wagonjwa 49 walikuwa na mashine, na jambo hili watu hulipita upesi mno. Moyo wao ulizoea kwa sababu mwili wao ulikuwa ukitibiwa, mara kadhaa kwa wiki. Kumwambia mtu asiye na dawa afikirie mazuri ni kumtwisha mzigo wa pili juu ya wa kwanza. Nafuu ina mizizi yake, na mzizi mmoja ni tiba.

Kwa selimundu tiba hiyo ina hadithi ninayoipenda kuliko zote. Mtoto mwenye selimundu huzaliwa akionekana mzima kabisa, na kwa miezi ya mwanzo haonyeshi dalili. Sababu ni kwamba tumboni mwa mama mtoto hutumia himoglobini ya aina nyingine, ya kichanga, ambayo haishikamani. Inapopungua taratibu na ile ya ukubwani kuchukua nafasi, ndipo vidole vya mikono na miguu vinavimba na mama anaanza kuzunguka hospitali. Dawa iitwayo haidroksiyurea inachofanya ni kuuamsha tena mwili utengeneze ile himoglobini ya kichanga. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti wa watoto zaidi ya 600 katika nchi nne za Afrika: Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kenya kule Kilifi, na Uganda kule Mbale. Baada ya kuanza dawa hiyo, vipindi vya maumivu vilipungua kwa zaidi ya nusu. Malaria nayo ilipungua, mahitaji ya kuongezwa damu yakashuka, na vifo vilikuwa vichache. Mimi nilianza kuimeza nikiwa mtu mzima, tena kwa woga. Mwili wangu leo unaishi kwa sehemu kwa damu ya aina niliyokuwa nayo nikiwa mchanga wa wiki mbili, na kila nikiwaza hivyo nashangaa upya.

Dawa hiyo inahitaji kufuatiliwa kwa vipimo vya damu, haimezwi kiholela, na kwa familia nyingi bado ni ghali au haipatikani karibu. Huko Muhimbili, Profesa Julie Makani na wenzake wamekuwa wakiwafuatilia wagonjwa wa selimundu tangu mwaka 2004, na kazi ya namna hiyo ndiyo iliyotuwezesha kuzungumza juu ya wagonjwa wanaokua, wanaosoma, wanaozeeka. Utotoni mwangu majirani walimwambia mama bila kificho kwamba watoto wa namna yangu hawafiki utu uzima. Hawakujua habari za Walter Clement Noel, kijana kutoka Grenada, kisiwa cha Karibi, aliyekuwa akisomea udaktari wa meno Chicago, ambaye damu yake ndiyo aliyoieleza daktari James Herrick mwaka 1910 katika maandishi ya kwanza ya kitabibu ya nchi za Magharibi juu ya chembe hizi. Noel alimaliza masomo, akarudi kwao, akang'oa na kuziba meno ya watu kwa miaka kadhaa hadi alipofariki mwaka 1916. Alikufa mapema, ndiyo. Lakini kuna watu Grenada waliokula mahindi bila maumivu kwa sababu yake.

Nieleze sasa jinsi nafuu inavyotafutwa nyumbani, kwa kaunta buku la mama.

Mama hakusoma sana. Nilipokuwa darasa la tatu alinunua kaunta buku la kurasa nyingi, akalifunga kwa gazeti, akaanza kuandika kila nilipokuwa nashikwa: tarehe, sehemu inayouma, nilichokifanya siku moja kabla, tulichofanya kupunguza, tulienda hospitali au hatukwenda. Usiku aliweka sufuria ya maji kwenye jiko la mkaa, akachovya kanga, akaikamua, akanikanda goti, na kabla hajarudi kulala akawasha taa akaandika mistari miwili. Baada ya mwaka mmoja na kitu alianza kuona mambo. Nilishikwa zaidi asubuhi za kipupwe, Juni na Julai, hasa nikioga maji ya baridi. Nilishikwa baada ya homa. Nilishikwa siku nilizocheza juani bila kunywa maji, na juma la mitihani. Alihamisha muda wangu wa kuoga ukawa mchana, akanitafutia chupa ya maji isiyobanduka mkononi, akamwomba mwalimu aniruhusu kuvaa sweta ambalo halikuwa la sare. Siku za kulala kitandani zikapungua.

Kuna siku, hospitali moja ambayo sitaitaja, mhudumu alimwambia mama kwamba mtoto anadeka, anataka sindano tu. Mama hakugombana. Alilitoa kaunta buku kwenye mkoba wa ukili akalifungua mezani. Daktari aliyekuwa akipita akalichukua, akasoma kurasa tatu amesimama, akavuta kiti.

Nilipofika kidato cha pili nilikaa nikahesabu. Siku 41 za mwaka ule zilikuwa na maandishi. Zilizobaki, 324, hazikuwa na kitu. Nilijaribu kukumbuka nilifanya nini katika siku hizo 324 na sikuweza. Nilichokumbuka kilikuwa kitanda, dripu na kanga ya maji moto. Sikumlaumu mama, buku lilikuwa la kazi ile. Lakini maumivu yalikuwa na mwandishi wake, na siku nyingine zote hazikuwa na wa kuziandikia. Niligeuza buku nikaanza kuandika kutoka nyuma. "Nimesukwa mabutu." "Mama kapika ndizi na utumbo, nimerudia." "Nimemfundisha Form One hesabu za sehemu, ameelewa." Vitu vidogo hivyo. Siku ambayo hakukuwa na kitu niliacha wazi, na nilijiapiza kutobuni. Ukurasa mtupu ulikuwa na haki yake.

Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka ionekane. Sikuandika ili nijifariji, wala sikuigeuza siku mbaya ikawa nzuri. Maandishi ya mbele yalibaki mbele kama yalivyokuwa. Niliongeza tu ushahidi ambao haukuwa umechukuliwa.

Kwa sababu hiyo nina wasiwasi kidogo na neno "mashujaa wa selimundu" tunaloitwa, hasa inapofika tarehe 19 Juni, Siku ya Selimundu Duniani. Najua limekuja kufuta majina mabaya zaidi, na wadogo zangu wanalipenda. Lakini shujaa halii. Nimemwona kijana wa miaka 17 anang'ata shuka ili asitoe sauti, kwa sababu kila mtu pale wodini alikuwa akimwita shujaa. Vivyo hivyo na subira. Tunahubiriwa subira ya Ayubu kana kwamba Ayubu alinyamaza. Wakristo wanasoma kwamba aliilaani siku aliyozaliwa. Waislamu wanasoma kwamba alimwita Mola wake na kumweleza wazi kwamba shida imempata. Imani imenibeba mimi usiku mwingi, na haijawahi kunitaka nifiche kwamba ninaumia.

Kujisikia nafuu kusimfanye mtu achelewe hospitali pia. Homa ya nyuzi 38 na kuendelea, kifua kuuma na pumzi kukata, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, mtoto kupauka ghafla huku tumbo likivimba upande wa kushoto, mwanamume kusimamisha kwa saa nyingi bila kutaka: hayo hayakandwi kwa kanga. Ni kuondoka muda huo huo.

Nanyi mnaotuuguza, "pole" inatosha. Mimi husikia watu wakiomba radhi kwamba hawana la kusema zaidi ya pole, nami huwaambia wakae tu. Ukija na maji ya kunywa na ukakaa kimya dakika ishirini umefanya kazi kubwa. Usimwambie mgonjwa kuna wenye hali mbaya kuliko yake. Anawajua, analala nao wodi moja. Jema lake aliseme yeye, kwa wakati wake, na likitoka mdomoni mwake lipokee bila kulikuza.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye benchi la kliniki, nimebeba kaunta buku la tano sasa, nikisubiri kuitwa. Pembeni yangu alikaa mama kijana na mtoto wa miezi minane hivi, vidole vya mikono vimevimba kama vitumbua. Alikuwa ameambiwa majibu wiki hiyo. Hakunisalimia, alikuwa anaangalia ukuta. Muuguzi alipoita jina langu na kutaja umri wangu kwa sauti, kama wanavyofanya ili kutofautisha majina yanayofanana, yule mama aligeuka.

"Dada, umekuja kumleta nani?"

"Nimejileta mwenyewe."

"Una nini?"

Nikamwambia. Akanitazama usoni, akatazama mikono yangu, akavishika vidole vya mwanawe.

"Wamesema una miaka mingapi?"

"Thelathini na sita."

Muuguzi aliita tena. Nikasimama, na yule mama akanishika upindo wa gauni akaniomba nikitoka nisiondoke, anataka kuniuliza maji ya kumwogeshea mtoto niliogeshwa ya namna gani.